Mwanangu, kuhusu mfuko wako wa nyongo

Mwanangu mpenzi,

Jana kwenye simu uliniuliza: kama tatizo ni mawe, kwa nini madaktari wasitoe mawe tu wakauacha mfuko? Salio likakata kabla sijamaliza kukujibu.

Unakumbuka nilivyokufundisha kupasua kuku? Unapitisha kidole chini ya ini polepole, unaikuta ile nyongo ya kijani, unaikata pamoja na kipande cha ini ili isipasuke. Ni laini, nyembamba, karibu uone ndani. Wa binadamu mzima wa afya nao ndivyo ulivyo: ukuta hauzidi milimita 3, na ndani ni nyororo kama mahameli.

Mifuko inayoletwa mezani kwangu maabara ndani ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi viungo, sivyo ilivyo. Wiki iliyopita nilikata mmoja, kisu kikagoma. Ukuta umekuwa mnene, mgumu kama ngozi ya kiatu, mahameli yote yameisha. Hiyo haitokei kwa siku moja. Jiwe linaziba shingo ya mfuko, nyongo inakwama, ukuta unavimba, na ndipo mtu anapata yale maumivu yako ya chini ya mbavu za kulia yanayopanda hadi begani. Jiwe likisogea maumivu yanatulia, mtu anasema amepona. Lakini pale palipovimba panaota kovu, na kila shambulio linaongeza lake.

Kwenye hadubini ndiyo utaelewa kabisa. Utando wa ndani unakuwa umesukumwa ukajichimbia katikati ya misuli, ukaacha vishimo tunavyoviita kwa majina ya madaktari Rokitansky na Aschoff. Humo vishimoni nimeshakuta vijiwe vidogo vidogo. Sasa nani atavichokonoa hivyo akauacha mfuko? Carl Langenbuch, daktari wa Berlin aliyekuwa wa kwanza kuutoa mfuko mzima mwaka 1882, hoja yake ilikuwa hiyohiyo: mfuko wenyewe ndio unaotengeneza mawe.

Na yale mafuta ya zeituni na ndimu aliyokushauri jirani yako, acha, nakuomba. Vile vibonge vya kijani watu wanavyoviona chooni si mawe, ni mafuta yenyewe yameganda tumboni.

Usiogope kuishi bila mfuko. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, itashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Mwanzoni punguza vyakula vya kukaanga, tumbo lizoee.

Ila jambo moja usilisahau. Kabla hujaingia chumba cha upasuaji, muulize daktari kama mfuko utapelekwa patholojia, yaani maabara kama yangu ya kuchunguza viungo. Akisema si lazima, mwombe kwa upole aupeleke. Mara chache, ndani ya ukuta kama huo tunakuta saratani ambayo altrasaundi haikuionyesha.

Nitapanda basi la alfajiri Jumatano, kwa hiyo Alhamisi utanikuta mlangoni.

Mama yako