Valenzuela hakuzimika, alichakazwa

Mhariri,

Mchambuzi wenu wa michezo ameandika kwamba Fernando Valenzuela, mrushaji wa besiboli kutoka Mexico aliyefariki Oktoba 2024, alikuwa nyota wa msimu mmoja aliyezimika upesi. Hilo la kuzimika silikubali. Bega lake lilitumiwa hadi likachakaa.

Alizaliwa 1960 Etchohuaquila, kijiji cha wakulima jimboni Sonora, kitinda mimba wa watoto 12. Klabu ya Marekani ya Los Angeles Dodgers ilimnunua 1979 kutoka Leones de Yucatán, klabu ya Mexico, kisha mrushaji mwenzake Bobby Castillo akamfundisha mrusho unaopinda kinyume na mazoea: mpira ukitoka mkono wake wa kushoto, unamkimbia mpigaji wa mkono wa kulia badala ya kumwingilia. Kuurusha ni lazima mkono usokotwe vibaya, na makocha wengi huuogopa.

Siku ya ufunguzi wa msimu wa 1981 alipangwa kuanza kwa kuwa mrushaji Jerry Reuss aliumia. Akawanyima Houston Astros hata mkimbio mmoja, yaani pointi. Akashinda mechi zake nane za kwanza, tano kati ya hizo wapinzani wakiondoka mikono mitupu. Kijana wa miaka 20, ana kitambi, Kiingereza hajui, anatazama juu mbinguni kabla mpira haujamtoka! Mwaka huo alitwaa tuzo ya chipukizi bora na tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya kwa msimu mmoja. Wamexico wa Los Angeles wakajaa katika uwanja ambao wengi wao waliususia moyoni, maana ulijengwa Chavez Ravine, mtaa wa jiji hilo walikoondolewa ndugu zao miaka ya 1950.

Sasa tuhesabu mirusho. Mechi ya tatu ya fainali za 1981 dhidi ya New York Yankees, Dodgers wakiwa wameshapoteza mbili, aliachwa hadi mwisho; akarusha mara 147 na kushinda 5-4. Siku hizi mrushaji akikaribia 100, kocha anakwenda kumtoa. Kuanzia 1982 hadi 1987 alirusha zaidi ya vipindi 250 kila msimu (mechi moja huwa na vipindi tisa). Mwaka 1986 alishinda mechi 21, na mechi 20 alizianza na kuzimaliza mwenyewe. Bega likagoma 1988, na Dodgers walipotwaa ubingwa mwaka huohuo yeye alikuwa mtazamaji. Juni 1990 aliwazuia St. Louis Cardinals wasipate pigo hata moja la kuwafikisha kituoni mechi nzima. Machi iliyofuata, msimu ukiwa mlangoni, klabu ikamwacha.

Aliyezimika harudi kwao kucheza ligi ya Mexico kisha akapanda tena. Mwaka 1996, akiwa na miaka 35, aliwashindia San Diego Padres mechi 13. Moja ilikuwa Monterrey, dhidi ya New York Mets, mechi ya kwanza ya msimu wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani kuchezwa nje ya Marekani na Kanada.

Wapiga kura wa Ukumbi wa Umaarufu, wanakoenziwa magwiji wa besiboli, walitazama jumla ya ushindi wake, 173, wakamtupa nje 2004. Dodgers nao wakajificha nyuma ya kura hizo: jezi yake namba 34 haikustaafishwa, yaani isivaliwe tena na mwingine, hadi Agosti 2023, eti desturi yao ni kuwaenzi hivyo walioingia ukumbini tu. Mbona waliivunja desturi hiyo 1978 kwa mchezaji wao Jim Gilliam, ambaye hakuingia ukumbini?

Msomaji wenu,
Morogoro