Mama mapacha, anza na jua kwanza

Kayenze, Mwanza
Jumapili jioni

Mama mapacha, mwangaluka!

Ujumbe wako nimeupata juzi nikiwa naanua dagaa, nikausoma mara mbili palepale mchangani nikaona hii sio ya kujibu kwa meseji, lazima nikae chini niandike vizuri. Kwanza hongera sana kwa kupaua nyumba, najua ulivyohangaika na mabati yale. Mapacha hawajambo? Huku wote wazima, baba watoto anakusalimia, kesho anaingia ziwani maana mwezi umeshakuwa mdogo, giza limerudi.

Sasa tuje kwenye umeme. Unasema nguzo zimeishia barabarani na kuvuta mpaka kwako kule nchani ni pesa nyingi, so umeamua utengeneze wako, na kwa vile unapigwa upepo mchana kutwa unataka uanze na panga la upepo, yani mtambo unaozungushwa na upepo ukatoa umeme, kama yule kijana wa Malawi William Kamkwamba. Mimi yule kijana namheshimu mno, alikuwa hana ada ya shule akachukua fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya PVC na dainamo akasimamisha kitu juu ya miti kikawaka. Lakini kumbuka alichowasha mwanzoni, ilikuwa balbu ndogo. Wewe unataka taa za nyumba nzima, tv, na friji la kuuzia soda na maji. Ndo maana nakuomba kama mtu aliyekaa na mavitu haya mwaka wa 4 sasa, upepo tutaufunga, nakuahidi, ila usiwe wa kwanza.

Sababu yenyewe ni hii. Nguvu ya upepo haiongezeki kidogokidogo na kasi, kasi ikizidi mara 2 nguvu inazidi mara 8, na kasi ikipungua nusu unabaki na fungu moja kati ya 8. Yani ule upepo unaokupeperushia kanga mchana na kukufanya useme huku kuna upepo, ukiupima ni mita 3 au 4 kwa sekunde, na kwa panga la upana wa mita 1.2 kama langu, mita 4 kwa sekunde zinakupa kama wati 10. Wati kumi mama! Ukifika mita 8 ndo unaona wati 80, sasa mita 8 hiyo huku kwetu inakuja mchana wa Julai na Agosti au dhoruba ikipita, sio kila siku. Na usidhani ni kwa sababu ya ufundi wetu wa nyumbani tu, hata panga zuri kiasi gani haliwezi kuvuna zaidi ya asilimia 59 ya nguvu iliyomo kwenye upepo, Mjerumani Albert Betz alishalionyesha hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Haya yetu ya bomba yakifika robo ushukuru.

Jua je? Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta, Mwanza hapa ni nyuzi 2 na nusu tu kusini, ukipiga hesabu ya mwaka unapata kama masaa 5 ya jua kali kwa siku. Paneli moja ya jua ya wati 200 mara masaa 5 ni wati-saa 1000, toa theluthi inayopotea kwenye joto, vumbi na waya, unabaki na karibu 700 kila siku, haina beringi, haipigi kelele, haihitaji kupandiwa. Panga langu siku ya kawaida linanipa 150 mpaka 200. Hata jirani zako pale Bwisya, kisiwani Ukara, walipofungiwa mtambo wa kijiji mwaka 2016 ulikuwa wa jua, na wao upepo wanao.

Kabla hujanunua hata waya, chukua daftari. Andika kila kitu utakachowasha, wati zake, na masaa. Mimi nilianza hivi: balbu 5 za wati 7, masaa 5, hiyo 175. Tv wati 40 masaa 4, hiyo 160. Simu zetu kama 60. Jumla haifiki hata 400. Friji ndo mlaji mkubwa, ukinunua lile la kutumia moja kwa moja volti 12 linakula kama 500 kwa siku, ukichukua friji la kawaida ulipitishe kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, linakwenda mpaka 800 na zaidi, na inveta yenyewe inakula hata kama hujawasha kitu. Kwa hiyo usidanganywe dukani na bei ya friji, angalia linakula nini. Wewe kwa orodha yako naona 900, paneli 2 za wati 200 zinakutosha na chenji ya siku za mawingu inabaki.

Hapa kwenye betri nikuombe unisikilize vizuri maana nililia. Betri yangu ya kwanza ilikuwa ya asidi, 100Ah yani ampea-saa 100, mara volti 12, nikaona namba hiyo nikajua nina wati-saa 1200 za kutumia. Sio hivyo. Betri ya asidi unatumia nusu tu, ukipima kwa mita ikiwa imetulia volti 12.7 imejaa, 12.2 umefika nusu, hapo zima tv ulale. Mimi nilikuwa namaliza mpaka taa zinakuwa nyekundu, kila siku, na sikuwa na mtu wa kuniambia, miezi 8 ikafa. Laki kadhaa zile zilikuwa za mzunguko wa kikundi, nimezilipa muda mrefu. Sasa nina ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfeti, hiyo unaweza kutumia asilimia 80 ikarudi tena na tena zaidi ya mara 2000. Bei yake inauma ila ukigawa kwa miaka ndo rahisi kuliko ya asidi. Pesa weka hapo na kwenye waya.

Waya nao. Watu wananunua paneli kubwa afu wanaunga na waya mwembamba wa taa. Kwenye volti 12 umeme unapotea njiani. Paneli yako ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi ni mita 20, kwa waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 ukipitisha ampea 8 unapoteza zaidi ya volti 1, kwenye volti 12 hiyo ni kubwa mno. Chukua wa 6, unapoteza nusu volti. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri, sio kule mwisho wa waya.

Paneli zielekeze kaskazini kidogo, mlalo wa nyuzi 10 hivi, sio kwa ajili ya jua tu, ni ili mvua ishuke na uchafu. Ziache juu ya bati sentimita 10 au 15 hewa ipite chini, maana zikipikwa na bati zinapunguza nguvu, kila nyuzi joto inayozidi 25 unapoteza karibu asilimia 0.4, na saa 8 mchana paneli inafika 60 na kitu. Afu wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni! Huku kwetu kwenye utumbo wa samaki hawaondoki, wanatua juu ya bati, na tone moja tu likikauka juu ya kijumba kimoja cha paneli linaweza kushusha umeme wa paneli hata karibu nusu, maana vile vijumba 36 vimeungwa kwa mstari mmoja, kimoja kikizibwa kinawabana wenzake kama mtumbwi uliokwama mlangoni mwa mwalo. Mimi kila asubuhi saa 1, kabla bati halijapata moto, napanda na ndoo na kitambaa laini. Uzuri maji ya ziwa letu hayana chumvi.

Haya, panga. Najua ndo ulikuwa unasubiri hapa. Nimelijenga na mtoto wa dada, mapanga ni bomba la PVC la inchi 6, unalipasua kwa urefu, kila panga sentimita 60, yako 3, upande unaotangulia kwenye upepo unaulainisha uwe mviringo na wa nyuma unaupiga msasa mpaka uwe mwembamba kama kisu. Hapo usiwe na haraka, mimi nilikaa na msasa jioni 4, nakipitisha kidole, narudia. Yapime uzito yalingane, yakipishana hata kidogo nguzo inatikisika usiku kucha. Mkia na bamba la kushikia mapanga nilichongewa na mafundi wa Makoroboi mjini, wale wale wa makopo na vibatari, nilikaa nao pale kwenye mawe nikawachorea kwa mkaa, wakakata kwenye pipa la mafuta, nusu siku wakamaliza. Jenereta ni mota ya mashine ya kukimbilia mazoezi iliyokufa, nilitafuta yenye sumaku ndani, kibandiko chake kinasema volti 180 kwa mizunguko 4000. Hesabu yake ni hivi, mizunguko 320 inakupa volti 14, na mizunguko 320 panga la mita 1.2 linaipata kwenye upepo wa mita 4. Alternata ya gari usihangaike nayo, inataka mizunguko mingi mno. Na kati ya mota na betri weka dayodi kubwa, ile inayoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, bila hiyo siku upepo ukitulia betri ndo inalizungusha panga kama feni, na wewe unaangalia juu unafurahi umeme unaingia kumbe unatoka. Kwetu ilikwenda hivyo siku nzima.

Sasa hili lisome pole pole. Panga la upepo haliruhusiwi kuwa huru. Paneli ukiichomoa inakaa kimya, panga ukilichomoa kwenye mzigo linakimbia. Nilipohamia betri ya lithiamu nikaliunga humohumo, na betri hizi zina ubongo ndani, zikijaa zinajikata zenyewe. Usiku mmoja wa Novemba, saa 8, ile dhoruba inayotokea ziwani na radi zake, betri ilikuwa imejaa, ikajikata. Panga likabaki halina cha kusukuma. Nilisikia mluzi, ukapanda ukawa mlio kama pikipiki inayopigwa resi, nyumba inatetemeka, nikatoka na tochi mvua usoni sioni mapanga, naona duara jeupe tu. Sikuwa na namna ya kulisimamisha. Kipande kikakatika kikapita kwenye bati la jiko kikatoka upande wa pili, na kwenye jiko lile saa 1 kabla ya hapo alikuwa amelala mwanangu wa pili kwa ajili ya joto, nilikuwa nimemhamisha kwa sababu ya kuvuja. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, ikaungua na volti zile. Mpaka leo upepo ukivuma usiku naamka.

Kwa hiyo sasa panga lina betri yake peke yake, ya asidi, na kontrola inayopeleka umeme uliozidi kwenye waya wa hita uliozamishwa kwenye ndoo ya maji, betri ikijaa maji yanapata moto, panga halikosi kazi hata dakika moja. Na chini ya nguzo kuna swichi kubwa inayogusanisha nyaya mbili za mota, ukiipiga panga linakuwa zito linasimama. Naipiga kabla upepo haujawa mkali, nikiona tu wingu jeusi limekaa ziwani jioni. Umeme wake unawasha taa za nje na kuchaji taa za wavuvi wa dagaa, wanalipa, na wakati wa mvua ndefu paneli zikilala lenyewe linaamka. Kazi yake ni hiyo na inanitosha.

Nguzo iwe juu ya kila kitu, miti na nyumba, la sivyo upepo unafika umevurugika. Kamba za chuma nimezifunga kwenye mwamba, tulitoboa jiwe kwa drili tukapiga bolti, kwa hilo mawe yetu ni baraka. Ila kwa waya wa ardhini ni kazi, unachimba futi 2 unakutana na jiwe, ikabidi tuulaze kwenye mtaro mpaka bondeni kwenye udongo wa unyevu. Usiruke hatua hiyo, ziwa hili lina radi nyingi kupita sehemu nyingi sana duniani na nguzo ya chuma ni ya kwanza kuonekana.

Ijumaa ya wiki ijayo napanda meli ya Nansio, nakuja huko kwako Ukerewe na kipima upepo na drili. Tutakifunga kipimo kwenye bomba juu ya paa, wewe utakuwa unaandika asubuhi, saa 9 mchana na kabla ya kulala, kwa miezi mpaka tuione Julai, afu ndo tuamue panga la upana gani.

Na ule mwembe usiukate bado! Umeniandikia kama umeshaita mtu wa msumeno, mrudishe. Wape mapacha vijiti wavichomeke kwenye ncha ya kivuli chake saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 9, siku 3 mfululizo, nikija tutaona kama kinafika kwenye bati au la. Pengine tawi moja linatosha.

Ni mimi rafiki yako,
Mama wa Kayenze