Shemeji, kabla kijana hajasaini

Nakawa, Kampala
Jumapili usiku

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye foleni na vumbi. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule, na mama yao anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti, kuhusu kijana wako kusaini na klabu ya huku Kampala, niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza sikuelewa vizuri kwa sababu dada alikuwa nyuma yako anapaza sauti, "Mwambie aseme tu aje, mjomba wake si yupo!" Nimeona nikuandikie. Kwenye simu ungeanza kunitania, nami ningecheka, na lile nililotaka kukuambia lingeishia hapo.

Kijana anajua mpira, hilo halina ubishi. Nilipokuja Busia mwezi wa nne nilisimama kando ya uwanja dakika arobaini nzima, boda wangu ananingoja na hesabu inapanda. Ule mguu wa kushoto hakuurithi kwako. Wewe ulikuwa unapiga mpira kama mtu anayefukuza mbwa. Klabu yenyewe ni ya ligi kuu, mshahara utachelewa lakini utakuja, na miaka 18 ni umri wa kuanza. Ungeniuliza la mpira tu, ningekujibu kwa neno moja. Lakini wewe umeuliza, "Wataishi naye vizuri?"

Unajua nilicheza misimu sita hapa Kampala. Nilizokusimulia ni zile za magoli na safari. Yule winga wa Arua sijawahi kukutajia.

Alikuja katikati ya msimu, mwembamba, na begi la nailoni alilolifunga kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa imekufa. Kiganda hakijui hata neno. Kiingereza anababaisha. Lakini Kiswahili chake kilikuwa safi, alikipata kwa baba yake aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa. Siku ya kwanza akapandishwa kwenye benchi aimbe, kama kawaida ya wageni. Mimi mwenyewe niliimba wimbo wa kanisani nikasahau ubeti wa pili, wakanirushia soksi. Wageni pia hufua bibu na kubeba madumu ya maji. Hayo sikuyaona makosa, na mpaka leo siyaoni makosa sana.

Alipomaliza kuimba akasema, "Asanteni, nimefurahi kujiunga nanyi." Kwa Kiswahili. Beki mmoja mkongwe akapiga kelele, "Amin amerudi!" Chumba kizima cha kubadilishia nguo kikalipuka kwa kicheko.

Wewe mtu wa mpakani huenda usisikie uzito wake. Huko kwenu Kiswahili ni cha soko, cha kuuziana nyanya na kupitisha sukari. Huku Buganda kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, ya askari anayeuliza kitambulisho kisha anauliza saa ya mkononi. Mzee aliyeishi miaka ile akishtuka nikimsalimu kwa Kiswahili, simlaumu. Lakini wale vijana wote walizaliwa baada ya 1979, Amin alipokwisha kuondolewa. Kizuizi hawakukiona. Walirithi mzaha tu. Na huyu kwao ni West Nile, alikotoka Amin, basi ikawa imekamilika. Tangu siku hiyo hakuwa na jina lingine. Amin leta maji. Amin, leo umekula nani? Hata mzee aliyekuwa anakata nyasi uwanjani alikuja kumwita Amin, naye wala hakuwa na ubaya, alidhani ndilo jina lake.

Yule beki ndiye aliyeshika daftari la faini. Kila timu ina daftari: ukichelewa mazoezi unalipa, simu ikilia kwenye kikao unalipa, mwisho wa msimu mnakula mbuzi. Sasa kwenye daftari letu ikaongezwa faini ya mtu mmoja. Akisema sentensi ya Kiswahili chumbani, shilingi 2,000. Posho ya mechi ilipotoka (posho ya pesa, maana huku posho ni ugali, na kuna wiki tulipata huo ugali peke yake) ya kwake ilipitia kwenye daftari kwanza. Akibakiwa na nauli, ana bahati.

Halafu ile Jumamosi ya mechi ya nyumbani. Alikuwa amepangwa kuanza kwa mara ya kwanza. Alipokwenda chooni, mtu akachukua ile dawa ya kuchua misuli, ile inayounguza, akaipaka ndani ya bukta yake. Niliona. Nilikuwa nafunga kamba za njumu, nikainama zaidi. Dakika ya kumi kijana akaanza kukimbia amepanua miguu, macho yanamtoka machozi, anavuta bukta. Watu jukwaani wakacheka bila kujua wanacheka nini. Dakika ya ishirini akatolewa. Kocha mkuu, ambaye hakujua lolote, akamfokea mbele ya benchi kwamba ni mwoga. Kocha msaidizi alijua. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai wakati wanapaka. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akasema "vijana bwana," akaenda zake.

Nimekuandikia yote hayo, na langu bado sijalisema.

Kijana aligundua mapema kwamba na mimi najua Kiswahili. Tukiwa wawili kwenye basi tulizungumza, alinisimulia habari za mama yake na mto wanakovua samaki. Kwake nilikuwa kama ndugu aliyemkuta ugenini. Jumatatu baada ya ile mechi aliingia chumbani, wote tupo, akaja moja kwa moja kwangu. "Kaka, kesho tunaondoka saa ngapi?" Kimya kikatanda. Beki akafungua daftari. Nami nikamtazama yule mtoto usoni nikamjibu kwa Kiganda: "Simanyi." Sijui. Nilikuwa najua. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Wakacheka, nikacheka. Naye akacheka, shemeji, alicheka kutupita sisi wote.

Raundi ya pili hakuimaliza. Asubuhi moja tulikuta jezi ya klabu imekunjwa vizuri juu ya benchi na njumu ziko chini yake, zimepigwa brashi. Kwenye daftari alikuwa bado anadaiwa. Beki akapiga mstari juu ya jina, akaandika jina la mgeni mwingine.

Miaka kadhaa baadaye, nikisomea ukocha, mkufunzi akatupa kisa cha Marekani. Ni ule mpira wao wa kofia ngumu na kukumbana, nikajiambia hautuhusu. Timu ni Miami Dolphins, mwaka 2013. Mchezaji anaitwa Jonathan Martin, umri miaka 24, karibu mita mbili, kilo 140 hivi. Soma tena hapo: kilo 140. Wewe na mimi tukipandishwa pamoja kwenye mzani wa sokoni tunamkaribia. Mwezi wa kumi mwaka huo alikwenda na sahani yake kwenye meza ya wenzake kantini, alipokaa tu wote wakainuka wakaondoka. Akaacha chakula, akatoka, na kwenye timu ile hakurudi tena.

Ligi yao ikampa wakili, Ted Wells, achunguze. Ripoti ilitoka tarehe 14 Februari 2014, kurasa 144. Iliwataja wachezaji watatu, kinara wao Richie Incognito. Walimtukana Martin kwa rangi yake, wakamtukania mama yake na dada yake, siku baada ya siku. Alilipa dola 15,000 za safari ya Las Vegas ambayo hakwenda, kwa kuogopa kitakachompata asipolipa. Hakuwa peke yake: kulikuwa na mchezaji mwingine kijana, na msaidizi wa tabibu wa timu aliyezaliwa Japani, naye akitukanwa kwa asili yake.

Nao walikuwa na daftari la faini. Niliposikia hilo nilikaa wima. Martin alipoondoka, Incognito alijiandikia mwenyewe faini ya dola 200 kwa kosa la "kumvunja" Martin, na yule kijana mwingine akaandikiwa zawadi kwa kuwa hakuvunjika wa kwanza. Mambo yalipoharibika Incognito akamwomba mwenzake kuliharibu daftari. Halikuharibiwa, ndiyo maana tunayajua haya.

Tena hao wawili, Martin na Incognito, walikuwa wameandikiana ujumbe wa simu zaidi ya elfu moja, mwingi wa kirafiki. Watu wakasema, ona, walikuwa maswahiba! Ripoti ikaona vingine, kwamba kujipendekeza kwa Martin kulikuwa njia ya kutafuta nafuu. Nilifikiria kile kicheko cha winga wetu.

Kocha wa safu yao, Jim Turner, alijua sehemu ya mambo na mengine alishiriki. Walimfukuza mwezi huohuo, pamoja na tabibu mkuu. Incognito alirudi uwanjani mwaka 2015 na Buffalo Bills, akang'ara. Martin mwaka huohuo aliacha mpira. Usiniulize haki iko wapi hapo.

Usidhani ni Marekani tu, wala wachezaji tu. Uingereza, kwenye klabu ya Crawley Town, aliyewatolea wachezaji maneno ya ubaguzi ni kocha wao mwenyewe, John Yems. Mwaka 2023 walimfungia miezi 18, wakubwa wa soka wakakata rufaa, ikawa miaka mitatu. Huyo mchezaji angeshtaki kwa nani, ikiwa anayepanga timu ndiye anayetukana?

Kwa hiyo ukija na kijana kusaini, usianze na pesa. Omba kuona chumba. Watasema kimefungwa, subiri ufunguo. Ukiingia tazama nani amekaa wapi, na vijana wadogo wanavua nguo zao pembe gani. Uliza daftari la faini linashikwa na nani na linaandikwa nini. Kama linashikwa na mkongwe mmoja na kocha hajawahi kulifungua, hapo mimi ningesita. Muulize kocha msaidizi mgeni wa mwisho yuko wapi sasa. Halafu nyamaza, mwache ajaze kimya mwenyewe. Hosteli nayo, alale na nani; usikubali jibu la "tutapanga."

Na wewe, shemeji, niwie radhi kwa hili. Akikupigia simu usiku mmoja akasema anataka kurudi, usimwambie "vumilia, kuwa mwanaume." Nakujua, ndilo neno lako la kwanza, hata jino likikuuma unajiambia hivyo. Muulize kwanza wanamwita nani. Utashangaa jina litakavyokueleza mengi. Mpe nauli ya kurudi Busia aishone kwenye begi na asiiguse kwa jambo lingine lolote, hata njaa. Njaa aje kwangu, kuna chakula.

La lugha labda litamwendea nafuu kuliko yule. Siku hizi Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi, tangu 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Kuna timu za jeshi na polisi kwenye ligi ambako hukisikia kila mahali. Lakini watapata kingine: meno, au jinsi anavyotembea, au kwamba baba yake anauza mitumba. Chumba kikitaka kitu hakikosi.

Winga nilimwona tena mara moja, mwaka juzi, pale Arua Park. Alikuwa anapakia magunia kwenye basi la usiku, amenenepa, ana ndevu. Nilimtambua kwa mguu, bado anatupa ule wa kushoto nje kidogo. Nikamkaribia, nikamwita kwa jina lake, lile la kweli, nikamwambia kwa Kiswahili, "Habari za siku nyingi, ndugu yangu." Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiganda kilichonyooka, "Gyebale ko, ssebo," yaani pole na kazi, bwana, akainua gunia lingine. Nilisimama pale mpaka kondakta akaniuliza kama nasafiri.

Mlete kijana Jumamosi, msije Ijumaa kwa sababu kuna mechi na barabara ya Nakawa itafungwa. Tutakwenda pamoja kuona hicho chumba. Mimi nitauliza ya daftari, maana wewe utaona aibu. Mwambie dada sijakataa wala sijakubali, asianze kunitumia ujumbe. Akikumbuka, aniwekee samaki wakavu wa Majanji, wale wadogo, wa huku wana mchanga.

Wako,
shemeji