Aliyebakwa atibiwe kwanza, fomu zifuate

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ubakaji kwa upande ambao haujadiliwi sana. Kila tukio linaporipotiwa, mjadala wote huwa ni mbakaji afungwe miaka mingapi, na aliyetendewa husahaulika habari inapopoa. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, nimewapokea wanawake hawa usiku na mchana, na hoja yangu ni moja: mwanamke aliyebakwa asiambiwe aanzie polisi ndipo atibiwe.

Sababu ni muda. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba husaidia ndani ya siku 5, ila kadiri anavyochelewa ndivyo uwezo wa vidonge hivyo unavyopungua. Ipo pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, zipo dawa za magonjwa ya zinaa, na yapo majeraha yanayohitaji kushonwa. Mwanamke aliyeshambuliwa Ijumaa usiku, akakaa kimya kwa hofu na aibu hadi Jumapili jioni, amebakiwa na takribani siku moja tu. Mkimtuma polisi akatafute fomu, akaambiwa mhusika hayupo arudi kesho, hiyo siku moja nayo imekwenda. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba tiba isifungwe na sharti la kuripoti polisi. Pale ambapo sheria inadai fomu, basi ijazwe baada ya kidonge cha kwanza kumezwa.

Sisemi kwamba ushahidi upuuzwe. Mhudumu aliyefunzwa huuchukua wakati uleule wa uchunguzi, kwa ridhaa ya mwanamke mwenyewe, hata kama bado hajaamua kushtaki. Namkumbuka mama mmoja aliyeleta blauzi ya binti yake ndani ya mfuko wa plastiki, ameufunga fundo mara mbili, akiamini ameitunza vyema. Tulipoufungua, nguo ilikuwa imeanza kuota ukungu, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani. Bahasha ya karatasi ingetosha. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na mimi siku ile sikupata moyo wa kumweleza.

Halafu kuna maswali. Mwanamke huulizwa dirishani "una shida gani?" kwa sauti inayosikika hadi benchi la mwisho, kisha asimulie upya kwa muuguzi, kwa daktari, kwa polisi na kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na kila anapopishana na alichosema awali, mtu huandika kwamba anajikanganya. Hofu kubwa huvuruga mpangilio wa kumbukumbu. Wanaokumbuka harufu ya chumba lakini hawakumbuki kilichotangulia ni wengi, na si waongo. Hata lile swali la "mbona hukupiga kelele?" lina jibu, kwani mwili ulioshikwa na hofu huweza kuganda usisogee wala kutoa sauti. Na kipimo cha bikira, ambacho mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe mwaka 2018 kwa kuwa hakina msingi wowote wa kisayansi, si uchunguzi bali ni kumdhalilisha mara ya pili. Maelezo yachukuliwe mara moja, katika chumba chenye mlango, na wanaoyahitaji wayasome.

Wiki ya pili ndiyo inayonisikitisha zaidi. Dawa zinamletea kichefuchefu, usingizi haupo, majirani wameanza kunong'ona, na hakuna anayemtafuta. Ndipo wengi huacha vidonge katikati. Kumpigia simu ni jambo jema, lakini aulizwe kwanza ni namba ipi iliyo salama na ni saa ngapi, kwa maana aliyemtenda anaweza kuwa ni mumewe au mjomba wanayeishi naye nyumba moja, na ujumbe mmoja wa "njoo kliniki" ukimwangukia huyo, tumemponza sisi wenyewe. Ushauri nasaha nao usigeuzwe kuwa kumshurutisha asimulie yote. Kuna anayetaka tu kukaa na mtu asiyemhukumu, na hiyo nayo ni huduma.

Watawala wa hospitali watasema hakuna fedha wala nafasi. Nilipofanyia kazi mara ya mwisho, chumba cha huduma hii kilikuwepo, kina kitanda, kina pazia, na kabati lake lilikuwa na dawa zote nilizozitaja. Kilifungwa kila Ijumaa saa tisa alasiri, na aliyekuwa na ufunguo alirudi Jumatatu asubuhi. Naomba, kwa kuanzia, ufunguo huo ukabidhiwe muuguzi wa zamu ya usiku.

Wako,
Muuguzi mstaafu