Kopo lisifunguliwe kwanza

Shoga yangu Rukia,

Salamu kwa wote, na hongera ya mtoto. Ya miguu ya nyanya nitayauliza siku nyingine, maana ujumbe wako umenitia wasiwasi: Mwanaisha yuko siku ya pili tangu ajifungue kwa kupasuliwa, mwasema maziwa hana, na kopo la maziwa ya unga limeshanunuliwa. Nakuomba lisifunguliwe kwanza.

Maziwa anayo. Hayo matone mazito ya manjano mnayoyakamua na kumwaga ndiyo dang'a, ndiyo chakula chenyewe. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hubeba mililita 5 hadi 7 kwa mara moja, kama kijiko kimoja cha chai. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4. Kondo la nyuma likitoka, homoni ya projesteroni, iliyokuwa ikizuia maziwa, hushuka, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ndipo hupata nafasi ya kufanya kazi. Aliyepasuliwa, aliyepoteza damu nyingi au mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kuchelewa. Kipande cha kondo kikibaki pia huzuia, kwa hivyo damu ikizidi au ikinuka, arudi hospitali mara moja.

Mtoto abaki na nepi tu, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, feni isiwapige. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku msiuruke. Mshono ukiuma, ambebe ubavuni, miguu ya mtoto ielekee mgongoni kwa mama. Kinywa kipanuke, kishike na ule weusi unaozunguka chuchu. Akishika chuchu peke yake itachanika na maziwa hayatatoka vizuri.

Akisinzia, kamueni kwa mkono: gumba juu, vidole chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Mwanzo hutoka kidogo sana, endeleeni tu. Kingeni kwa kijiko safi, mnywesheni hicho hicho.

Maji ya sukari na asali hapana, hata nyanya akinuna. Asali inaweza kumdhuru vibaya mtoto mchanga. Na lile kopo, akishiba hatanyonya, na titi lisiponyonywa halitengenezi. Uji wa uwatu anywe mama, sina neno.

Mkojo: siku ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, kufikia ya tano mara 6 au zaidi. Choo cheusi kigeuke kijani, kisha manjano. Lakini asipoamka kunyonya, macho yakiwa manjano, au uzani ukipungua kupita asilimia 10, mpelekeni kwa daktari. Akisema aongezewe maziwa, aongezewe bila ubishi.

Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Choo kina rangi gani? Damu ya Mwanaisha je? Alipimwa sukari akiwa mjamzito? Usiku analala naye nani? Nijibu kabla ya magharibi, nikitoka zamu nivuke feri nije nimwone anavyomshika.

Wako,
Zuhura