Acheni kutusomea adhabu, mfundisheni mzazi kutunza ushahidi

Mhariri,

Habari yenu ya semina ya kuwalinda watoto mtandaoni iliyofanyika hapa Mtwara mnaikumbuka, maana mliipa nusu ukurasa. Gazeti hili nalisoma miaka mingi bila kuwaandikia, ila safari hii imenishinda. Aya baada ya aya ni adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, kwa anayechapisha picha za ngono za mtoto. Sawa, ndivyo kilivyopitishwa kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na mzazi je? Kaambiwa "awe makini". Makini vipi? Kesi hizi hazifi kwa kukosa sheria. Zinafia barazani kwetu, saa ya kwanza, mikononi mwa wazazi wenye uchungu ambao hakuna aliyewaeleza wafanye nini.

Msimu wa korosho uliopita mama mmoja alitoka Tandahimba kuja polisi na simu ya binti yake wa miaka 14. Jamaa aliyejiita mwanachuo alianza Facebook kwa sifa, akamrushia binti bando, akamhamishia WhatsApp, akaomba picha moja. Alipoipata akageuka: tuma laki moja au picha inakwenda kwa walimu wako. Binti alituma 30,000 alizopewa na bibi yake, jamaa akataka tena. Mama alipogundua alimchapa mtoto, akampigia yule mtu na kumtukana, halafu kwa aibu akafuta mazungumzo yote pamoja na meseji ya muamala. Yule naye akafunga akaunti. Iliyofika kituoni ni simu tupu. Kampuni ya simu inazo kumbukumbu za muamala, lakini vitisho vya WhatsApp havimo humo.

Basi niandike nilichotegemea kukisoma kwenu. Ukikuta mazungumzo ya namna hiyo, usimpigie mtu huyo, usimtukane, usimbloku. Kwanza gusa alama ya ndege ili simu itoke hewani. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa na aliyeutuma hadi kwenye simu ya mtoto, lakini amri hiyo haifiki simu ikiwa nje ya mtandao. Kisha piga skrinishoti za maneno yote, kuanzia salamu ya kwanza mpaka vitisho. Hapa ndipo wengi wanapokosea: namba ikiwa imesevuliwa "Beby", skrinishoti itaonyesha "Beby" tu. Fungua taarifa za huyo mtu hadi namba nzima ionekane, ndipo upige. Kwa Facebook na TikTok jina linaloonekana linaweza kubadilishwa, kwa hiyo tumia simu nyingine kunakili kiungo cha akaunti yenyewe. Meseji ya muamala itunze kama hati ya kiwanja, maana ina namba ya kumbukumbu, saa, na jina lililosajiliwa. Usilipe tena, kwa sababu aliyelipwa mara moja anajua utalipa. Na ile picha ya mtoto iacheni ilipo. Msimrushie mjumbe, mwalimu wala shangazi ili "waone". Kila anayeirusha anaisambaza.

Simu ipelekwe na chaja yake Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Aliye mbali na kituo apige 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Kama mtoto alishakutana na mtu huyo na kuingiliwa, hospitali ni kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi baada ya hapo. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe, na ziwekwe kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni unashika unyevu na kuharibu ushahidi. Kwa picha iliyokwishasambaa iko huduma ya Take It Down, ya watu waliopigwa picha kabla ya kutimiza miaka 18. Inatengeneza alama ya kuitambulisha picha humo humo kwenye simu bila picha yenyewe kutoka, kisha Facebook, Instagram na TikTok wanaitumia kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki.

Kuna na hawa wasajili laini wa chini ya miamvuli. Bibi anaambiwa "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe mara ya pili inasajiliwa laini nyingine kwa jina lake na kuuzwa. Polisi wakifuatilia namba ya mhalifu wanaishia kwa kikongwe wa Nanyamba anayetumia kitochi. Kila mtu apige *106# aone ni laini ngapi ziko kwenye namba yake ya NIDA.

Lakini linaloniumiza kuliko yote hamkuligusa kabisa, nalo ni unyago, jando la wasichana. Likizo ya Juni na ya Desemba wali, yaani wasichana waliochezwa, wanatolewa, ngoma zinalia, na kila mwenye simu janja amenyoosha mkono. Mtoto wa miaka 9 kainamisha kichwa kama alivyofundishwa, shanga shingoni, kifua wazi, nyimbo zinataja babaye ni nani na anatoka kijiji gani, na jioni yote hayo yako kwenye status za watu 50. Aliyeiweka anadhani inafutika baada ya saa 24. Inafutika kwake. Aliyeidaka anayo, na ameshaipeleka kwenye magrupu ya watu wasiojua maana ya mwali wala hawamtakii mema. Mila yetu ilikuwa na siri. Kungwi, mama anayewafunda wali, alikuwa na mamlaka ya kumfukuza mwanamume aliyekaribia uwanja, na leo wanaume mia wanaingia uwanjani kupitia kioo cha simu huku wazazi wanashangilia. Mtoto huyo hakuulizwa, na kwa umri wake asingejua ajibu nini.

Semina ijayo isifanyike ukumbini. Waitwe makungwi na masomo (walezi wa wali) wa Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa kabla ya Juni, wakubaliane kapu moja la simu mlangoni pa kila uwanja, na kungwi asianze ngoma kapu halijajaa. Zile hatua za saa ya kwanza zichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye ghala la kila AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, pembeni ya mzani, wakulima wanaposubiri korosho zao zipimwe. Nyinyi mtambo mnao. Chapeni karatasi ya kwanza.

Mkazi wa Chikongola,
Mtwara