Dakika chache za Maluach si hukumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu maoni yanayojirudia katika kurasa za michezo, na zaidi katika mazungumzo ya wapenzi wa mpira wa kikapu hapa Kigoma, tangu msimu huu wa 2025/26 wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, uanze. Maoni yenyewe ni kwamba kijana wa Sudan Kusini, Khaman Maluach, aliyechukuliwa na Phoenix Suns akiwa chaguo la 10 katika drafti ya Juni 2025, yaani zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, anaozea benchi, kwamba kocha hamtaki, na kwamba yaliyompata Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA bila kufika alikotarajiwa, sasa yanamfika yeye. Mimi hufundisha vijana kikapu nyakati za jioni katika uwanja wa shule hapa Mwanga, na habari hiyo huwa imeshafika uwanjani kabla ya mipira.

Nianze na jinsi tunavyoipata habari yenyewe. Mechi ya Phoenix inayoanza saa moja usiku kwa saa za Arizona huanza saa kumi na moja alfajiri kwetu, na huku magharibi mwa nchi, ambako jua huchelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam, saa hiyo bado ni usiku. Wanaoitazama mechi ni wachache mno. Walio wengi huamka, hufungua simu, hutafuta jina la Maluach, huona dakika chache zimeandikwa mbele yake au hawaoni kitu, na hukumu hutolewa kabla ya chai. Sina ugomvi na anayesoma takwimu, kwa kuwa nami huzisoma, lakini takwimu ya dakika haisemi kwa nini mchezaji hakuingia, wala alifanya nini alipoingia.

Mechi ya NBA ina dakika 48, na nafasi ya senta, yaani mchezaji mrefu anayekaa karibu na goli, kwa kawaida ni moja. Usiku uleule wa drafti, Phoenix ilikubaliana na klabu ya Charlotte kumchukua Mark Williams, ambaye naye ni senta, naye alisomea Duke, chuo kikuu cha Marekani alichochezea Maluach, ila yeye alikuwa ameshacheza misimu mitatu katika ligi hiyo. Yupo pia Oso Ighodaro, aliyetangulia kuingia kwa mwaka mmoja. Kocha wao, Jordan Ott, ndiyo kwanza anashika timu ya NBA akiwa kocha mkuu, na kocha mpya huhesabiwa ushindi na kushindwa tangu mechi ya kwanza. Mtu asiye na chuki yoyote, akikabidhiwa watu hao watatu, angempanga kwanza Williams, na kijana wa miaka 19 angesubiri. Hata Duke, ambako kila mtu anakumbuka jinsi alivyong'ara, Maluach alicheza wastani wa dakika 21 hivi katika mechi za dakika 40. Hajawahi, hata huko, kuwa mchezaji wa kukaa uwanjani muda wote.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalipi uzito wake, nalo ni kanuni. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ambazo ndizo tunazozitumia hapa na ndizo alizokulia Maluach alipokuwa akijifunza mchezo huu Kampala na baadaye katika akademia ya NBA huko Saly, Senegal, senta anayelinda anaweza kusimama chini ya goli lake muda wote apendao. NBA haimruhusu. Akikaa ndani ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya goli, kupita muda huo bila kumkaba mshambuliaji kwa karibu, wapinzani hupewa mtupo mmoja wa adhabu na mpira unabaki wao. Mlinzi mrefu ambaye maisha yake yote ameambiwa akae palepale awangoje wanaokuja, sasa analazimika kutoka, kurudi, kuhesabu, na huku akimwangalia mtu wake. Mstari wa pointi tatu nao uko mbali zaidi, mita 7.24 mbele ya goli badala ya 6.75, hivyo wapinzani hutawanyika na eneo la kufunika hupanuka. Juu ya hayo, senta ndiye anayeuona uwanja wote kutoka nyuma, kwa hiyo ndiye anayetakiwa kupaza sauti na kuwaambia wenzake mshambuliaji gani anakuja kuweka kizuizi na upande gani. Akichelewa nusu sekunde, wenzake wanne wanapotea. Duke ilicheza mechi 39 msimu wake ule. NBA ina 82 kabla hata ya hatua ya mtoano, na katikati ya safari hizo zote siku za mazoezi ya kweli ni haba.

Katika uwanja wetu wa saruji jambo hili huonekana kwa sura ndogo. Akija kijana mrefu kuliko wenzake, watazamaji walioegemea ukuta hawaachi kupiga kelele, "Mwingize mrefu! Mwingize mrefu!" Nikimwingiza kabla hajawa tayari, katika dakika mbili atakuwa amepigiwa filimbi ya sekunde tatu chini ya goli la wapinzani, amefanya faulo mbili kwa kurukia kila mtupo, na walewale waliokuwa wakimwitia huanza kumcheka. Kijana mrefu hucheka nao siku ya kwanza. Siku ya tatu haji mazoezini. Nimejifunza kuwaacha wapige kelele.

Sasa nije kwa Thabeet, kwa sababu ndiye anayetajwa kila mara, na nadhani anatajwa kwa namna isiyo sahihi. Mtanzania huyu aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15 alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry, baada ya kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili akiwa na Chuo Kikuu cha Connecticut. Alipofika Memphis alimkuta Marc Gasol, Mhispania ambaye baadaye, mwaka 2013, alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Thabeet alipata wastani wa dakika 13 na pointi 3 hivi kwa mechi, na Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ndogo inayowakuza wachezaji wa NBA, akawa mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kupelekwa huko hadi wakati huo. Nakumbuka vizuri namna habari ile ilivyopokelewa nchini: kama vile mtu amefukuzwa kazi. Mwaka mmoja baadaye alibadilishwa kwenda Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City, na baada ya msimu wa 2013/14 hakucheza tena mechi ya NBA.

Ukweli ni kwamba Thabeet hakufika pale alipotarajiwa, na barua hii haitaki kuugeuza. Ninachokataa ni mantiki inayosema kwamba alishindwa kwa sababu alikaa benchi mwaka wa kwanza, kwa hiyo kila anayekaa benchi mwaka wa kwanza atashindwa. Uzito wa kuchaguliwa wa pili ulimfanya kila mtu, sisi tukiwa mstari wa mbele, aone kupelekwa ligi ndogo kuwa aibu badala ya shule. Na shule yenyewe ilikuwa mbali: Dakota Wizards walikuwa Bismarck, kaskazini kabisa mwa Marekani, wakati klabu yake ilikuwa Memphis, kusini. Leo karibu kila klabu ina timu yake ya ligi ndogo. Ya Phoenix, Valley Suns, iliyoanzishwa 2024, inachezea Tempe, mji unaopakana na Phoenix wenyewe, na hutumia mbinu zinazokaribiana na za timu kubwa. Mchezaji anaweza kucheza huko dakika 30 leo na kesho akakaa benchi ya wakubwa bila kupanda ndege.

Kwa hiyo, tukitaka mfano, tumtazame pia Pascal Siakam wa Cameroon. Alichaguliwa wa 27 mwaka 2016 na Toronto. Alianza katika kikosi cha kwanza mapema kwa sababu mwenzake alikuwa majeruhi, kisha akapokonywa nafasi na akateremshwa kwenda Raptors 905 katika ligi ndogo. Huko akachukua ubingwa wa 2017 na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa NBA na mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote katika ligi, na Juni 2025 alikuwa katika fainali tena, safari hii na Indiana. Kama tungemhukumu kwa dakika zake 16 hivi za mwaka wa kwanza, tungesema nini? Dirk Nowitzki naye, Mjerumani, aliishia pointi 8 hivi kwa mechi katika msimu wake wa kwanza wa 1998/99, na kuna waliomwona ni laini mno kwa ligi hiyo. Msimu uliofuata pointi zake ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Upo pia mfano wa upande wa pili, na haki inanitaka niutaje. Darko Miličić wa Serbia alichaguliwa wa pili mwaka 2003, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade, na Detroit ikamkalisha benchi hadi wastani wake ukawa chini ya dakika tano. Klabu ilitwaa ubingwa wa 2004, lakini kijana hakuinuka. Wakati ule utaratibu wa kuwapeleka wachezaji wa NBA katika ligi ndogo ulikuwa bado, kwani ulianza 2005, kwa hiyo alikaa tu. Hiyo ndiyo hali inayostahili kulalamikiwa: kijana asiyecheza popote. Siku Maluach atakapokuwa hachezi Phoenix wala Tempe, wiki baada ya wiki na akiwa mzima, nitaandika barua nyingine, na haitakuwa ya subira.

Kuna wanaosema, na nimelisikia hili hata kwa watu ninaowaheshimu, kwamba Wamarekani hawawataki wageni. Tuzo ya mchezaji bora wa NBA kuanzia 2019 hadi 2025 imekwenda kila mwaka kwa mtu aliyezaliwa nje ya Marekani: Giannis Antetokounmpo mara mbili, Nikola Jokić mara tatu, Joel Embiid wa Cameroon mara moja, na Shai Gilgeous-Alexander wa Canada mara moja. Jokić alichaguliwa wa 41. Ligi inayowakataa wageni haiwezi kutoa orodha hiyo. Ubaguzi upo duniani, na si kazi yangu kuufuta kwa kalamu, lakini anayeutaja hapa anadaiwa ushahidi.

Sitaleta mfano wa mchikichi, maana kila mtu wa Kigoma akizungumzia kusubiri hukimbilia mchikichi. Nitataja mkataba. Mchezaji aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza huhakikishiwa miaka miwili ya malipo, na klabu huachiwa hiari ya mwaka wa tatu na wa nne. Maana yake ni kwamba klabu zenyewe, ambazo fedha ni zao, hazitarajii jibu katika miezi miwili. Hiari ya mwaka wa tatu wa Maluach inapaswa kuamuliwa ifikapo tarehe 31 Oktoba 2026. Kama wenye fedha wamejipa muda huo wote, sioni haraka ya sisi tusiochangia hata senti inatoka wapi, isipokuwa ni mapenzi. Na mapenzi nayaelewa: kijana huyu alizaliwa Rumbek, akakulia Uganda, akavaa jezi ya Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, katika timu ambayo siku chache kabla ilipoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, jijini London. Vijana wangu wanamwona kuwa wa kwao, na ndiyo maana wakisoma kwamba "ameshindwa" wanajisoma wenyewe.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo na linakuhusu wewe na waandishi wako. Mnapoandika habari zake, msiishie kwenye dakika na pointi. Andikeni faulo zake, mitupo aliyozuia, ribaundi alizochukua, na timu ilikuwa mbele au nyuma alipokuwa uwanjani. Andikeni pia matokeo ya Valley Suns kila anapochezea huko, hata kama ni mistari miwili chini ya ukurasa, kwa sababu huko ndiko dakika zake nyingi zinaweza kupatikana msimu huu, na msomaji wa Kigoma hana namna rahisi ya kuzifuatilia. Vichwa vya habari vya kumzika au kumtukuza vingeweza kungoja hadi Phoenix watakapotamka neno lao Oktoba 2026; nami siku hiyo, wakimwacha, sitawaandikia kuwatetea.

Wako,
Mwalimu wa michezo,
Mwanga, Kigoma.